Upindo wa njiti ya kibiriti: kupinda shela na mtandio kwa mkono

Kata kucha kwanza. Si kwa urembo. Kucha yenye mkwaruzo mdogo, hata usiouona kwa macho, hunasa uzi wa shifoni, na ukivuta mkono unaacha mstari katikati ya kitambaa ambao hakuna pasi itakayoufuta. Ukimaliza kucha, shughulikia ngozi. Mimi nachukua kijiko cha sukari na mafuta kidogo ya nazi, nasugua ncha za vidole mpaka sukari iyeyuke, halafu naosha kwa sabuni mara mbili, mara ya mwisho na limau, ili mafuta yasibaki hata chembe. Kisha napitisha kidole kwenye kipande cha shifoni. Kikiteleza bila kukwama, naanza kazi. Kikikwama, narudi kwenye sukari.

Mimi ni fundi cherehani wa Kariakoo. Nakaa kwenye kibaraza, upande wa Mtaa wa Narung'ombe, na cherehani ninazo mbili. Watu hushangaa kunikuta na sindano ya mkono wakati mashine iko pembeni yangu. "Fundi, umeme umekatika?" Hapana, umeme upo. Ila upindo wa kuviringisha ukiufanya kwa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, unatoka mgumu kama waya, na shela la bibi harusi linasimama mabegani badala ya kuanguka. Wa mkono unakuwa mviringo, mwepesi, unene wake kama njiti ya kibiriti au chini ya hapo, na uzi hauonekani nje wala ndani.

Sisemi ufanye hivi kwa kila nguo. Mtandio wa kwenda nao sokoni upeleke ovaloki, uishe kwa dakika tano, na usijisikie vibaya. Upindo huu ni wa shela, mtandio wa hariri, leso nzuri, na gauni la shifoni ambalo pindo zake zitatazamwa karibu. Piga hesabu kabla hujakubali kazi: shela la mraba la mita moja na nusu lina mita 6 za kupinda. Mshono mmoja kila milimita 4 ni mishono 250 kwa mita, yaani 1,500 kwa shela zima. Mimi mita moja inanichukua dakika kama hamsini nikiwa sina wageni. Anayeanza ajipe saa mbili. Mteja anayeleta shela Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi mwambie ukweli siku hiyohiyo ya Alhamisi.

Kabla ya vifaa, jua unashona nini. Kariakoo kila kinachong'aa kinaitwa hariri. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa koleo dogo au pini juu ya sahani, uziwashe. Hariri ya kweli inanuka kama nywele iliyoungua, na majivu yake ukiyabana yanasagika. Poliesta inayeyuka, inakuacha na kijidonge kigumu cheusi. Siidharau poliesta, asilimia kubwa ya kazi zangu ni hizo, lakini tabia zao ni tofauti. Hariri ukiikunja kwa kidole inakaa. Poliesta ukiikunja inakunjuka hapohapo, kwa hiyo inahitaji mstari wa kuiongoza, nitaueleza. Na hilo neno shifoni, kwa Kifaransa maana yake ni tambara tu. Nilipoambiwa nilicheka sana, maana kuna siku limenitoa machozi hilo tambara.

Sindano iwe namba 10 au 11. Kwenye sindano za mkono namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, ila kwenye za cherehani ni kinyume chake, na wauzaji wengi wanachanganya. Ukipewa pakiti yenye saizi mbalimbali chukua ile nyembamba kuliko zote, uitazame ncha kwenye mwanga. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, sindano zinakula kutu ndani ya wiki chache. Kutu isiyoonekana inatosha kuacha doa la rangi ya chai kwenye shela jeupe. Mimi nazihifadhi kwenye kitambaa kikavu chenye poda, ndani ya kopo lenye kifuniko, na kabla ya kazi naichoma kila sindano mara kadhaa kwenye kitambaa cheupe nione kama inaacha kitu.

Uzi wa kawaida wa cherehani ni mnene mno kwa kazi hii. Chukua uzi wa ovaloki, ule wa koni kubwa, ambao mara nyingi ni mwembamba zaidi, au uzi wa kudarizi wenye nyuzi sita uchomoe mmoja. Kwa hariri ya kweli, ukipata uzi wa hariri, ni bora zaidi. Rangi usichague ndani ya duka chini ya taa. Toka nje barabarani, fungua uzi mmoja uulaze juu ya kitambaa. Uzi ukiwa kwenye koni unaonekana mweusi zaidi kuliko ukiwa peke yake. Kama hakuna unaolingana kabisa, chukua ulioiva kidogo, maana uliopauka ndio unaoonekana.

Kata uzi kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, usizidishe. Najua unataka kupunguza kutunga sindano. Uzi mrefu utajisokota, utafunga fundo katikati ya kazi, na muda uliookoa utauacha hapo. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara moja, kisha uuweke kati ya karatasi mbili na kuupiga pasi ili nta iingie ndani ya uzi isibaki juu. Nta ya mshumaa hapana, inamenyuka.

Subana, kile kikofia cha kukinga kidole, wengi hawaipendi. Na mimi sikuipenda, mpaka nilipofika mshono wa mia sita hivi wa shela moja na kidole cha kati kikaanza kutoa damu. Damu kwenye shela! Tangu siku hiyo naivaa. (Doa la damu mbichi litoe kwa mate yako mwenyewe na pamba, papo hapo, usingoje maji ya moto. Moto unaligandisha.)

Kilichobaki ni kitu cha kushikia kitambaa. Upindo huu unataka kitambaa kivutwe kidogo upande mmoja wakati mkono wa kushoto unaviringisha na wa kulia unashona, na binadamu hana mkono wa tatu. Bibi yangu alikuwa akikaa mkekani, mguu mmoja ameukunja, anabana ncha ya kitambaa kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili. Alikuwa hakosei. Mimi nakaa kwenye kiti, natumia kibanio cha nguo nilichokifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kati ya kibanio na shela naweka kipande cha kanga kuukuu lisipate alama. Wengine hubandika kwa pini kwenye mto mzito mapajani. Vyovyote, ili mradi kitu kishike.

Kukata ndiko kunakoamua kazi yote. Shifoni haikai. Ukiilaza mezani na kuipima kwa futi, ukigeuka kuchukua mkasi imeshasogea. Itandaze juu ya karatasi nyeupe, ile ya kukatia patani, ibandike kwa pini pembeni, ukate kitambaa pamoja na karatasi. Magazeti yaache, wino unahamia. Zima feni pia. Kwenye miezi ya kaskazi najua unachoniomba hapo, jasho linatiririka mgongoni, lakini feni na shifoni haviwezi kukaa meza moja. Paka poda viganjani, kata asubuhi mapema, ukimaliza washa.

Kwa ukingo ulionyooka usiamini chaki. Chomoa uzi: kata kidogo sana pembeni, tafuta uzi mmoja kwa ncha ya sindano, uuvute taratibu huku ukisukuma kitambaa nyuma. Utakapotoka utaacha njia nyembamba kama ngazi ya panya, na mkasi unafuata njia hiyo. Ukikatika katikati, tafuta ncha yake uendelee. Inachosha, lakini ukingo uliokatwa hivi unaviringika wenyewe, na uliokatwa kombo utakupiga vita mpaka mwisho.

Kitambaa kinachofulika kinachoteleza kupita kiasi, mimi nakitia wanga kwanza. Wanga wa muhogo kijiko kimoja, ukoroge kwa maji baridi, uumwagie maji yanayochemka, halafu uongeze maji mpaka uwe mwepesi kama maji ya mchele. Chovya, anika kivulini, piga pasi. Kitakaa kama karatasi, utakata na kushona kwa raha, na kazi ikiisha kinafuliwa. Hariri ya kweli usiitie bila kujaribu kwenye kipande, kwani kuna hariri inayobaki na doa hata la tone la maji.

Sasa kushona. Acha sentimita moja ya ziada nje ya kipimo chako. Weka sindano namba 9 kwenye cherehani, si ile namba 14 au 16 uliyoshonea suruali jana, upige mstari mmoja wa mishono midogo milimita 6 kutoka ukingoni, pande zote. Huo ndio mstari wa kuongoza. Asiye na mashine apige bandi ndogondogo kwa mkono, inafanya kazi ileile.

Kisha punguza ukingo ubaki milimita 2 au 3 nje ya mstari. Lakini usipunguze shela zima kwa mkupuo. Punguza shubiri moja, shona shubiri moja, ndipo upunguze nyingine. Shifoni iliyopunguzwa na kuachwa hutoa nyuzi kama ndevu za mahindi, na zikishatoka hazirudi.

Kaa kwenye mwanga wa mchana, dirishani au barazani, upande wa ndani wa kitambaa ukikutazama na ukingo ukiwa juu. Kunja ukingo uje kwako, mkunjo upite chini kidogo tu ya mstari wa cherehani ili mstari wenyewe uangukie ndani. Anza kulia kwenda kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Ficha mwanzo wa uzi ndani ya mkunjo, kwa mishono miwili midogo mahali pamoja, bila fundo.

Mwendo wenyewe ni huu, usome polepole. Sindano inashuka chini ya ukingo uliokatwa, pale tu ukingo unapoishia, inachota uzi mmoja wa kitambaa. Mmoja. Ukichota tatu zitaonekana nje kama vidoti. Kisha inapanda, inaingia ndani ya mkunjo, inatembea humo milimita 4, inatoka. Inashuka tena, uzi mmoja. Inapanda, milimita 4. Uzi usiuvute bado. Uache ulegee, utaona vijingazi vinajipanga kati ya mkunjo na kitambaa, kazi inaonekana mbovu kabisa. Mwanafunzi wangu mara ya kwanza alipofika hapa aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona fundi wake amechanganyikiwa.

Ukifikisha mishono sita au saba, shika mwanzo wa kazi kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia uvute uzi, taratibu, kuelekea unakokwenda. Ngazi zinajifunga. Ukingo uliokatwa unainama, unajikunja, unaingia chini wenyewe, na kinachobaki juu ni kamba nyembamba ya mviringo isiyo na mshono wowote. Binti yule alisema, "Mama, imemeza!" Na kweli imemeza. Mpaka leo kikundi hiki cha mishono sita kikijifunga huwa natazama tena.

Ila ukishavuta, rudisha. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na yangu iliwahi kuharibika hapahapa. Nilikuwa na shela la rangi ya maziwa, hariri, mteja wa haraka, na usiku nikawa navuta uzi mpaka mwisho kila mara ili mviringo ukaze vizuri. Ulikaza. Asubuhi alikuja shangazi wa bibi harusi, akalitandaza shela juu ya mikono yake miwili, akalitazama, akanitazama.

"Mwanangu, tulikuletea shela. Mbona umeturudishia sambusa?"

Pembe zote nne zilikuwa zimejikunja kuja juu. Ukingo ulikuwa umepungua, katikati pamebaki vilevile, kwa hiyo shela limekuwa kama bakuli. Nikamwambia, "Shangazi, nipe mpaka alasiri." Sikuufumua wote, na wewe usifumue. Nilikata uzi mahali pamoja kila baada ya shubiri moja, nikaunyoosha ukingo kati ya vidole viwili mpaka ukalala sawa na kitambaa, halafu kila nilipokata nikafunga kwa mishono mitatu mipya. Lilikwenda harusini. Tangu siku hiyo, kila nikivuta, naushika ukingo kwa vidole gumba viwili, naunyoosha kidogo hadi urudi kwenye urefu wake, ndipo naendelea. Kila shubiri naulaza mezani: ukilala tuli bila kuinuka, sawa. Ukiinuka, umebana.

Uzi ukikaribia kwisha usiufunge kwenye kona. Funga mishono miwili midogo ndani ya mkunjo, tembeza sindano ndani ya mviringo sentimita 2, toa, kata. Uzi mpya uanzie hapo nyuma, upishane na ule wa zamani.

Kona inatisha zaidi ya inavyostahili. Shona mpaka ubaki sentimita moja kabla ya kona, vuta, rudisha. Kata ncha ya kona kwa mshazari, kidogo sana, kama punje ya mchele. Kunja ukingo wa upande unaofuata ushuke juu ya ule uliomaliza, sukuma vinyuzi vyovyote ndani kwa kijiti cha meno, piga mishono miwili, mmoja juu ya mwingine, kwenye pembe yenyewe, geuza kazi, endelea. Kona ya kwanza itatoka nene kama harage. Ya nne itakuwa nzuri. Ndiyo maana naanzia kona ile itakayokwenda nyuma ya shingo.

Ukingo wa mviringo au uliokatwa mshazari una shida yake: unarefuka. Gauni la mviringo litundike usiku mzima kabla ya kupinda, ndipo usawazishe urefu, la sivyo utapinda leo na kesho upande mmoja utakuwa chini. Pinda ukiwa umelaza kitambaa, kibanio usikitumie hapa kwa sababu kitavuta. Na pale mshono wa ubavuni unapokutana na upindo, punguza kitambaa cha ndani kwa mshazari ili usiviringishe matabaka manne.

Ile njia ya bibi yangu, isiyo na mstari wowote, naitumia kwa hariri ya kweli na kwa pamba nyepesi za leso, alizokuwa akiziita melimeli. Analowesha kidogo kidole gumba cha kushoto, anakisugua juu ya kile cha shahada, na ukingo unajisokota ndani kama msuko mwembamba, sentimita moja moja, sindano ikifuata nyuma. Yeye alilamba kidole. Mimi natumia sponji iliyokamuliwa, maana mteja wa siku hizi akiona mate kwenye hariri yake kuna maneno. Jifunzie njia hii kwenye leso, kwenye shela baadaye.

Wateja huniuliza upindo ukae ndani au nje. Kwetu mazoea ni ndani. Zile skafu za hariri za Hermès za Ufaransa, mraba wa sentimita 90 uliotoka kwanza mwaka 1937, zinaviringishwa kwa mkono kuja upande wa nje, upindo unaonekana kama fremu ya picha. Kwenye mtandio wenye maua inapendeza. Kwenye shela jeupe mimi nabaki na ndani.

Mwisho ni pasi, na pasi isikanyage upindo. Mviringo ukishalala bapa hauinuki tena, na kwenye hariri unabaki na mng'aro wa ajabu. Piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba, ukiishia upana wa kidole kabla ya ukingo. Upindo wenyewe upitishie mvuke kutoka mbali, uunyooshe kwa vidole, uache upoe. Usitundike kwenye hanga ya waya. Mimi nakunja shela ndani ya kanga iliyofuliwa, na mwenyewe akija kulichukua namfunulia upande wa ndani kwanza.